Ukiwa Dodoma kikazi, nani anaamua unachokula?

Chukua ratiba ya semina yoyote ya siku tatu jijini Dodoma uisome kwa jicho la mpishi. Saa mbili na nusu usajili. Saa nne chai. Saa saba na nusu chakula cha mchana. Saa kumi chai ya jioni, halafu kufunga. Hapo hujahesabu kifungua kinywa cha hotelini, ambacho kimo ndani ya bei ya chumba na hakuna anayekubali kukiacha kipotee, wala chakula cha usiku, ambacho wenzako watakuburuta kwenda kukila mahali penye moshi wa nyama. Jumla ni milo mitano. Mtu huyohuyo akiwa kwake Tabata, Dar es Salaam, anakunywa chai kwa chapati asubuhi, anakula mchana, anakula usiku, na katikati anatembea kwenda na kurudi kituo cha daladala. Akija Dodoma anakula mara tano, na matembezi yake ni kutoka chumbani hadi ukumbini.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, maisha ya namna hii yamekuwa ya kawaida kwa watu wengi. Kuna waliohamishwa, na kuna wanaokuja kila mara: wahasibu wa halmashauri wanaofuata nyaraka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, maofisa wa mashirika, madereva wao, waandishi wa habari wakati wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Wote wamesikia ushauri uleule, kwamba punguza mafuta, kula matunda, jizuie. Ushauri huo una kasoro moja kubwa. Unadhani kwamba msafiri ndiye anayeamua anachokula.

Ukweli ni kwamba akisafiri kikazi mtu anakabidhi maamuzi yake ya chakula kwa watu asiowajua. Kuna ofisa manunuzi aliyechagua mpishi kwa kulinganisha bei kwa kichwa. Kuna dereva wa basi anayejua yeye mwenyewe kwa nini anasimama hoteli ile na si nyingine. Kuna mgeni rasmi aliyechelewa, na mwenyeji ambaye hataki isemwe kwamba ulilala na njaa mjini kwake. Hakuna mtumishi asiyejua kwamba andazi la tatu halimsaidii. Kwa hiyo swali la maana ni hili: katika siku hiyo, ni wapi uamuzi bado uko mkononi mwako?

Meza ya bufee imepangwa kwa hesabu

Tuanze na mlo wa mchana ukumbini, maana ndipo mambo yanapojificha. Mpishi analipwa kwa kichwa na lazima abaki na faida. Wanga ni nafuu, nyama ni ghali, na mboga zina kazi nyingi ya kuchambua na kuosha. Kwa hiyo meza inaanza na wali mweupe, inafuata pilau, ndizi, chipsi, wakati mwingine tambi, vyote vya wanga na vyote unajipakulia mwenyewe bila mtu kukutazama. Ukifika kwenye nyama, kijiko kiko mkononi mwa mhudumu. "Kuku au samaki, kaka?" Ni kimoja kati ya hivyo, vipande viwili, endelea mbele. Mchicha umewekwa mwisho kabisa, kwenye bakuli dogo, na ukiufikia sahani imeshajaa hadi ukingoni. Unachota kijiko kimoja, unakiweka juu ya pilau. Tikitimaji liko meza nyingine, na foleni yake wengi hawairudii.

Hakuna aliyekula njama hapo. Ni biashara tu. Lakini matokeo yake ni sahani ambayo robo tatu ni wanga, wakati wataalamu wengi wa lishe wanashauri kinyume chake: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo chakula cha protini kama maharage, samaki, mayai au nyama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kile kijiko kimoja cha mchicha hakikaribii hata robo ya hapo.

Dawa yake haihitaji utashi mkubwa. Zunguka meza nzima mara moja mikono mitupu, kisha rudi uanzie mwisho. Mboga zikitangulia kwenye sahani, wali unakosa nafasi wenyewe. Chagua wanga wa aina moja. Pilau, ndizi na chipsi si vyakula vitatu tofauti kwa mwili wako, ni kitu kimoja kilichovaa nguo tatu. Na ukikaa mezani, anza na mboga na kipande chako cha samaki kabla ya kugusa wali. Imepimwa kwa watu wenye kisukari na wasio nacho: mboga na protini zikitangulia, sukari ya damu hupanda taratibu zaidi kuliko wanga ukitangulia, hata kama chakula ni kilekile.

Usingizi wa saa nane mchana nao unaeleweka zaidi ukijua hili. Mwili una mteremko wake wa kawaida wa alasiri, hata kwa mtu ambaye hajala. Mlo mzito unaangukia hapohapo juu yake, na mtoa mada wa saa nane na nusu ndiye anayebeba lawama. Ningekuwa mimi naandaa semina, zamu hiyo nisingempa mtu ninayempenda.

Chai zina hadithi yake. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Weka vijiko vitatu kwenye kikombe, kunywa vikombe vitatu kwa siku, ongeza soda moja ya mililita 350 mchana yenye gramu 35 au zaidi, umeshapita gramu 70. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha sukari ya kuongezwa kwenye takriban gramu 50, na linasema 25 ni bora zaidi. Hapo keki haijahesabiwa. Kuna jambo moja tu ambalo ratiba ya semina inalifanya vizuri bila kukusudia: inatenganisha chai na mlo wa mchana. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage, na wanaoumia zaidi ni wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Iache chai ibaki saa nne.

Njiani

Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, imepunguza sehemu kubwa ya tatizo kwa wanaotoka Dar es Salaam. Safari ya saa nne hivi si ndefu kiasi cha kuhitaji mlo. Kula kabla ya kupanda, chukua maji na ndizi mbili, basi.

Basi ni kitu kingine. Ni kutwa nzima, na kanuni ya abiria wengi ni kutokunywa maji ili wasije wakamwomba kondakta asimamishe gari. "Dakika kumi, kuchimba dawa!" ikisikika, unakuta watu wanashuka mbio, wanarudi na chipsi kuku zilizokaangwa tangu asubuhi. Lakini ukitazama dirishani kati ya Morogoro na Dodoma, barabara hiyo ina chakula kizuri kuliko hoteli inazosimama. Gairo kuna viazi vitamu. Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi, utapata mahindi yenyewe, ya kuchoma au ya kuchemsha. Mayai ya kuchemsha yako kila kituo, na machungwa yanamenywa mbele yako. Pendelea kilicho ndani ya ganda lake kililopewa na Mungu, au kilichotoka motoni sasa hivi. Yai lisilobanduliwa halikuguswa ndani na mkono wa mtu. Kachumbari inayomiminwa juu yake kutoka kwenye ndoo ndiyo ya kuikataa.

Karanga ni chakula kizuri cha safari, zina protini na mafuta yenye faida, na mkono mmoja unakufikisha mbali. Lakini kanda hii ina kumbukumbu mbaya. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kukaanga hakuiondoi yote. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la ukungu au ladha chungu, iteme. Usione aibu, hata kama aliyekupa ni shangazi.

Kuhusu maji, Dodoma inadanganya watu wa pwani. Dar jasho linakuganda mgongoni, unajua kabisa kwamba unapoteza maji. Huku hewa ni kavu na upepo hauachi, jasho linakauka kabla hujaliona. Midomo kupasuka siku ya pili si uchawi wa Wagogo.

Posho

Sasa tuzungumze jambo ambalo makala za afya hulikwepa. Posho ya safari ni pesa ya kujikimu, lakini kila aliyewahi kuipokea anajua kwamba nusu yake imeshapangiwa kazi kabla basi halijafika Chalinze. Kuna ada, kuna mabati, kuna mkopo wa kikundi. Kwa hiyo jioni mtu anatafuta cha kushibisha kwa bei ndogo, na chipsi mayai zipo hatua ishirini kutoka lango la gesti. Si ujinga huo. Mtu amechagua watoto wake.

Tatizo ni kudhani kwamba kuna njia mbili tu, chipsi za bei rahisi au hoteli ya bei mbaya. Mama ntilie yuko katikati, na kwa lishe mara nyingi anawashinda wote wawili. Maharage yamechemshwa, mchicha au matembele ya leo, dagaa, ugali unaosongwa ukiuona. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba kwa mama ntilie unaweza kuzungumza. Mhudumu wa bufee hawezi kukubadilishia chochote, lakini huyu anaweza.

"Shikamoo mama. Niwekee ugali nusu, mboga uniongeze."

"Marahaba. Ugali nusu utashiba wewe, baba?"

"Nitashiba. Hiyo nusu nipe maharage."

"Haya. Maharage nakuongezea, mboga lipia kidogo."

Mazungumzo ya namna hiyo, yakifanyika jioni ya kwanza, yanakupa mpishi wa wiki nzima. Kesho yake hata huulizwi.

Chakula kipo, ila kiko nje ya hoteli

Jambo linaloniudhi kidogo kuhusu hoteli za Dodoma ni kwamba unaweza kukaa wiki nzima usijue uko Ugogoni. Asubuhi soseji na mkate mweupe, mchana wali, usiku chipsi. Wakati huohuo mitaani kuna ugali wa uwele na wa mtama, nafaka zilizolimwa hapa kwa vizazi kwa sababu zinavumilia ukame, na ambazo zikisagwa na ganda lake zina nyuzinyuzi na madini kuliko sembe iliyokobolewa. Ugali huo unakufikisha jioni bila njaa ya saa kumi. Kitoweo chake ni mlenda. Wasiouzoea wanaukimbia kwa ule utelezi, lakini utelezi huohuo ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kusaidia tumbo ambalo safari imelifunga. Uliotiwa karanga ni mzuri zaidi. Mwenye shinikizo la damu aulize kama umetiwa magadi, maana magadi nayo ni sodiamu kama chumvi.

Nenda Soko la Majengo, au Soko Kuu la Job Ndugai kama umeshuka stendi ya Nane Nane. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiwa msimu utanunua kwa kilo kwa bei ambayo Dar ungeota. Zina sukari yake, lakini zina maji na ganda, na zikiwa chumbani saa nne usiku zinakuzuia kushuka kutafuta biskuti. Nunua na ubuyu. Unga wake, gramu kwa gramu, unalizidi chungwa kwa mbali kwa vitamini C, na ukikorogwa kwenye maji safi bila sukari nyingi ni kinywaji cha kweli. Ule mwekundu wa pakiti ni peremende. Uule kwa hiyo heshima.

Halafu nyama. Siku ya Jumamosi mnadani Msalato, au jioni yoyote mahali penye jiko la mkaa, nyama haiagizwi kwa sahani. Inaagizwa kwa kilo, na anayeagiza ni mkubwa wa msafara. Watu wanne, kilo mbili, ndizi za kuchoma, chumvi na pilipili pembeni. Hiyo ni nusu kilo kwa kila mmoja kabla ya kutoa mifupa. Shirika la World Cancer Research Fund linashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki nzima. Sisemi usiende Msalato. Ningesema wahi kusema "kilo moja na nusu, na kachumbari sahani mbili" kabla mkubwa hajafungua mdomo. Na kile kilima kidogo cha chumvi, kumbuka kwamba kikomo cha siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwekwa jikoni.

Kuku wa kienyeji anahitaji ushauri mmoja tu: mpigie mpishi simu mapema. Ukimwagiza ukiwa umeshakaa, utasubiri saa nzima na zaidi, na katika kusubiri ndipo soda ya pili, bia ya tatu na sambusa zinapoingia. Unamla kuku saa nne usiku, unalala naye.

Tumbo likichafuka

Chakula chenye lishe kikikuharisha hakina faida. Hatari kubwa ya bufee ni muda. Vijidudu huzaliana haraka kwenye chakula cha uvuguvugu, ndiyo maana kanuni ni kukiweka juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au kutokiacha nje zaidi ya saa mbili. Wali unastahili tahadhari ya pekee. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria hadi jioni, zinaamka na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo funua chombo. Mvuke ukipanda, pakua. Kama moto wa chini umezimika na wali ni wa vuguvugu, chukua ugali au ndizi ya moto.

Wenye dawa zao

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini ya mlo, mgeni rasmi anayechelewa ni hatari ya kweli. Ratiba inasema saa saba na nusu, mtu anajichoma sindano saa saba na dakika kumi, halafu hotuba inaendelea hadi saa tisa. Sukari inashuka, mikono inatetemeka, na jirani yake anadhani ni njaa ya kawaida. Usijichome kwa kuamini ratiba. Ongea na daktari wako kuhusu kusubiri hadi sahani iwe mbele yako, na mfukoni usikose glukosi au hata sukari ya kawaida. Mwambie na mtu mmoja uliyekaa naye.

Insulini unayoitumia sasa, kwa aina nyingi, huvumilia takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea maelezo ya kwenye karatasi yake. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Mtumba joto linapita hapo haraka, kwa hiyo haikai kwenye gari. Kama gesti haina friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa na kuwekwa kivulini kinapoza vizuri, na katika hewa kavu ya Dodoma kinapoza kuliko kingefanya Tanga, kwa sababu maji yanavukizwa upesi. Friji ikiwepo, isiguse barafu. Insulini iliyoganda imeharibika.

Anayeandika oda

Narudi kwa ofisa manunuzi, kwa sababu wengi mnaosoma hapa ndio nyie, au mnakaa naye ofisi moja. Uamuzi wa watu themanini kula nini kwa siku tatu unafanyika kwa simu ya dakika tano, siku chache kabla. Mpishi anauliza watu wangapi, chai mara ngapi, soda au juisi. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia, na menyu inayofuata ni ya mwaka jana.

Kwa bei ileile mambo mengi yanawezekana. Viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, mayai na karanga vikae mahali pa sambusa na keki kwenye chai ya saa nne. Wanga wa aina mbili badala ya tano, na pesa inayobaki iende kwenye maharage na mboga za aina ya pili. Mboga ziwe mwanzo wa meza, jambo lisilogharimu hata senti. Chai ya saa kumi igeuzwe matunda, kwani wakati huo nusu ya watu wameshaondoka kwa kisingizio cha simu. Sukari iwekwe pembeni, chai isitengenezwe tayari imetiwa. Omba pia mlenda siku moja, mpishi atacheka, halafu atakuuliza kama unataka wa karanga.

Na akifika kwenye lile swali lake la soda au juisi, mjibu: maji, na matunda yakatwe asubuhi hiyohiyo.